Dart ya 1968: Hemi na Hesabu ya Uzito

Wanaoisimulia Dodge Dart Hemi ya 1968 huanza na injini. Mimi ningeanza na mizani. Dart ilikuwa gari la familia, dogo kwa vipimo vya Marekani, na wengi waliinunua ikiwa na injini ya silinda sita iliyolalia upande. Dodge wakaamua kuitia Hemi ya lita 7, dude la chuma cha kusubu linalozidi kilo 350, ili ishindane katika mbio za robo maili.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa upana. Katika Hemi, chumba cha mwako kina umbo la nusu tufe na valvu zake zimekaa pande mbili zikikabiliana. Hewa hupita kwa wepesi, lakini vichwa vya silinda hutanuka kama mabega ya kuli. Magari yalipelekwa kwa kampuni ya Hurst, Michigan, na huko hata masta silinda ya breki ilibidi isogezwe ipishe injini.

Kisha ikaja kazi ya kupunguza. Madigadi ya mbele na boneti vikawa vya faibaglasi, milango ikawa ya bati jembamba, na vioo vyepesi vya madirishani vikapandishwa kwa mkanda badala ya mpini. Kiti cha nyuma, hita na redio vikaachwa. Betri ikahamishiwa kwenye buti, na hapo ndipo ninapoiona akili ya mafundi hawa, maana kuhamisha betri hakupunguzi hata gramu moja. Gari hili husukumwa na tairi za nyuma, na tairi isiyolemewa huserereka tu, hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Kwa hiyo kila kilo iliyopunguzwa puani ilisaidia mara mbili: gari likawa jepesi, na sehemu kubwa zaidi ya uzito uliobaki ikakalia nyuma.

Kiwanda kiliandika nguvu farasi 425. Kwa kabureta mbili kubwa na mgandamizo wa 12.5 kwa 1, huo ulikuwa unyenyekevu wa kutiliwa shaka. Madereva hodari walimaliza robo maili kwa sekunde 10 na ushei.

Dart Hemi za gia za mkono zilifungwa difu ya Dana yenye uwiano wa 4.88. Kwa tairi za kimo cha kawaida, mwendo wa kilometa 100 kwa saa ungeidai injini zaidi ya mizunguko 3,500 kwa dakika, tena katika gia ya mwisho. Dodge wenyewe walibandika onyo kwamba gari hili si la barabarani.