Zaidi ya Asilimia ya Ugunduzi: Uhakiki wa Vigezo vya Kuteua Kingavirusi ya Seva ya Baruapepe

Ikisiri

Makala hii inahakiki mantiki inayotumika makampuni na taasisi zinapochagua programu ya kuzuia virusi kwenye seva ya baruapepe. Inadai kuwa vigezo vilivyozoeleka, yaani jina la bidhaa, bei ya leseni na asilimia ya ugunduzi, havijibu maswali yanayoibuliwa na mazingira ya seva. Inapendekeza maswali manne yanayopaswa kutangulia bei katika hati ya zabuni.

1. Utangulizi

Neno kingavirusi lina hatari ya kueleweka upesi mno. Msikilizaji akisikia kinga hufikiria chanjo: mwili hudungwa mara moja, nao hujilinda wenyewe baada ya hapo. Mnunuzi mwenye fikra hiyo huridhika pindi leseni inapolipiwa. Hata hivyo, kwenye seva ya baruapepe programu hii hufanya kazi ya bawabu zaidi kuliko ya chanjo. Hupokea mzigo wa kila mgeni, huufungua, huukagua, kisha huamua upite, urudishwe au uwekwe kando.

Umuhimu wa bawabu huyo hauna ubishi. Mwezi Machi 1999, kirusi Melissa kilichofichwa katika waraka wa Word kilijituma kwa anwani 50 za kwanza katika orodha ya aliyeufungua. Mwezi Mei 2000, ILOVEYOU, iliyoanzia Ufilipino, ilisambaa kwa kiambatisho ambacho jina lake liliishia na .TXT.vbs, huku kompyuta nyingi za Windows zikiwa zimewekwa zisionyeshe sehemu ya mwisho ya jina la faili. Kwa hiyo, tunachohakiki hapa ni jinsi bawabu anavyoajiriwa. Kwamba anahitajika, tunakubali.

2. Udhaifu wa hoja ya asilimia

Maabara huru kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria hufanya kazi ya maana, lakini takwimu moja iliyonyofolewa katika ripoti hupotosha. Tuchukulie kampuni inayopokea barua 20,000 kwa siku, na katika kila barua 1,000 moja ina programu hasidi. Barua mbaya ni 20. Bidhaa inayogundua asilimia 99 itazinasa karibu zote. Ikiwa bidhaa hiyo hiyo inatuhumu kimakosa asilimia 0.1 tu ya barua safi, itazuia pia karibu barua 20 zisizo na kosa. Maana yake ni kwamba nusu ya barua zilizozuiwa ni halali: ankara, mikataba na maombi ya wateja. Hati ya zabuni inayodai ugunduzi wa asilimia 99 bila kutaja kiwango cha tuhuma za uongo imeuliza nusu ya swali.

Kasoro nyingine imo katika majaribio ya kukabidhiana. Faili la EICAR, lenye herufi na alama 68, hutumika kuthibitisha kuwa kingavirusi imewashwa. Halipimi uhodari wake. Kulipokea tokeo la EICAR kama uthibitisho wa ubora ni sawa na kumsifu bawabu kwa kuitika jina lake.

3. Maswali manne

Swali la kwanza: programu hufanya nini na kisichofunguka? Mwaka 2004, Bagle ilisambaa ndani ya mafaili ya zip yaliyofungwa kwa nywila, na nywila yenyewe iliandikwa katika barua. Msomaji aliweza kufungua, mkaguzi hakuweza. Kupitisha kila faili la namna hiyo ni hatari, na kulizuia kila moja huenda kukakwamisha idara ya fedha inayotuma mishahara kwa mafaili yenye nywila. Uamuzi huu ni wa kisera, na ni lazima menejimenti iufanye kabla ya ununuzi. Usiachwe mikononi mwa mipangilio ya kiwandani.

Swali la pili: programu hufanya nini inaposhindwa kazi? Itifaki ya baruapepe inaruhusu seva kukataa barua kwa muda. Seva ya mtumaji huihifadhi na kujaribu tena, kwa kawaida kwa siku kadhaa. Hivyo mkaguzi anapozimika, barua inaweza kusubiri bila kupotea. Mfumo unaoziachia barua zipite bila kukaguliwa umechagua urahisi. Vilevile, barua mbaya ikataliwe mlangoni, wakati seva ya mtumaji bado imeunganishwa. Wakati wa Sobig.F mwaka 2003, seva nyingi zilipokea barua kwanza, kisha zikatuma onyo kwa anwani ya mtumaji. Kwa kuwa anwani hizo zilikuwa za kughushi, maonyo yalimiminika kwa watu wasiohusika. Kingavirusi ikawa yenyewe chanzo cha barua taka.

Swali la tatu: programu yenyewe ni salama kiasi gani? Mkaguzi hufungua kila kitu kinachotumwa na mtu yeyote duniani. Mwezi Mei 2016, mtafiti Tavis Ormandy wa Google alifichua udhaifu katika injini ya Symantec ambao ungeweza kutumiwa kwa kutuma tu faili kwa baruapepe, bila mpokeaji kulifungua. Mwezi Februari 2023, udhaifu mzito ulirekebishwa katika ClamAV, programu huria isiyolipiwa leseni. Mifano hii miwili inaonyesha kuwa bei haikomboi upande wowote. Zabuni iulize kama mkaguzi anaendeshwa kwa mamlaka finyu, akitengwa na seva kuu, na marekebisho ya dharura hufika kwa njia gani.

Swali la nne: programu inamtumikia nani? Mwezi Juni 2024, Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa bidhaa za Kaspersky nchini humo, na masasisho yakakomea tarehe 29 Septemba mwaka huo. Pasipo kuhukumu sababu zake, funzo ni kwamba bidhaa inayotegemea masasisho ya kila siku inaweza kukatwa na uamuzi wa serikali ambayo mnunuzi hana sauti kwake. Aidha, huduma za wingu hupitisha barua zote katika seva za mtoa huduma, mara nyingi nje ya nchi. Sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda (2019), Rwanda (2021) na Tanzania (2022) zinalifanya hilo kuwa suala la kisheria, wala si la fundi peke yake.

4. Kisichoonekana na mkaguzi

Barua inayojifanya imetoka kwa mkurugenzi, ikimwagiza mhasibu abadilishe akaunti ya malipo, haina kiambatisho wala msimbo. Kingavirusi itaipitisha kwa haki kabisa. Kinachohitajika hapo ni uthibitishaji wa mtumaji kwa SPF, DKIM na DMARC, pamoja na desturi ya kumpigia simu mhusika kabla ya kulipa. Hata hizo SPF na wenzake hazisaidii ikiwa akaunti halisi ya mkurugenzi imetekwa. Simu ndiyo inayobaki.

5. Hitimisho

Yapo mapingamizi ya haki. Kampuni ndogo yenye fundi mmoja haiwezi kutunza mkaguzi wake, na kwake huduma ya wingu inaweza kuwa chaguo la busara. Maswali manne hayaikatazi. Yanamlazimu mnunuzi ajue anachokubali. Kwa washauri wa sera, tunapendekeza hati za zabuni zidai kiwango cha tuhuma za uongo, utaratibu wa kushindwa, utaratibu wa marekebisho na mahali data inapokaguliwa, kisha bidhaa zijaribiwe kwa wiki kadhaa kwenye nakala ya barua za taasisi husika, kwa ridhaa na usiri unaotakiwa na sheria. Bei ije baada ya hayo. Ikitangulia, taasisi itakuwa imelipia utulivu wa moyo, na mlango ukabaki ulivyokuwa.