Geji 30 Haisemi Yote: Bati Linapopatia Ugumu na Umri Wake

Katika duka la vifaa vya ujenzi, iwe Dar es Salaam au Mombasa, swali la kwanza la mteja ni moja: geji ngapi? Muuzaji atasema 30 au 28, mteja atalibonyeza bati kwa dole gumba, kisha mambo ya bei yataanza. Namba hiyo inaeleza unene tu, na hata huo inaueleza kwa kubabaisha. Kwenye jedwali la zamani la Waingereza, geji 30 ni milimita 0.315. Kwenye jedwali la Wamarekani la chuma kitupu ni kama 0.305, na kwenye jedwali lao la mabati ya zinki ni 0.40. Kati ya haya mawili ya mwisho kuna tofauti ya karibu theluthi moja ya unene, na anayefuata jedwali lolote kati ya hayo matatu ana haki ya kuandika 30.

Ili kujua bati lina thamani gani, afadhali turudi nyuma hadi kwenye koili, yaani ukanda wa chuma uliozungushwa ukawa bunda.

Koili nyingi zinazolisha viwanda vyetu hushushwa bandarini zikiwa za chuma kilichominywa moto. Kule kilikotoka, bonge la chuma lilipashwa hadi karibu nyuzi 1,200 za Selsiasi, likapitishwa kwenye rola mfululizo hadi likawa ukanda wa unene wa milimita 2 hivi. Juu yake kuna magamba meusi ya oksidi. Magamba hayo si mapambo, lakini safarini yana faida. Koili nyeusi husafirishwa bila kufunikwa na hakuna anayeshtuka ikipata kutu kidogo, kwa kuwa itakwenda kuoshwa. Koili iliyokwisha kuminywa baridi ni kama mgonjwa: hupakwa mafuta na kufungwa kwa karatasi na bati, kwa sababu ikitoka kwenye baridi ya Asia ya kaskazini na kufunguliwa kwenye unyevu wa Mombasa, hutoa jasho na kuanza kutu upesi. Ndiyo maana kiwanda kama cha Mabati Rolling Mills kule Mariakani, ndugu wa ALAF ya Dar es Salaam na Uganda Baati katika kundi la Safal, kina sababu ya kuminya chuma chenyewe badala ya kununua kilichokwisha kuminywa.

Kazi ya kwanza ni kuosha. Ukanda hupita kwenye mabwawa ya asidi ya hidrokloriki yenye joto la nyuzi 70 hadi 85. Ukikaa muda mfupi kupita kiasi, magamba yanabaki na baadaye yatagandamizwa ndani ya chuma. Ukikaa mno, asidi inakula chuma chenyewe na kilo zilizolipiwa ushuru zinaishia kwenye maji machafu. Kisha husuuzwa, hukaushwa na kupakwa mafuta.

Sasa mashine yenyewe. Kuutoa ukanda kwenye milimita 2 hadi 0.3 ni kupunguza unene kwa asilimia 85. Tofauti na chapati, ambayo husambaa kila upande, ukanda huu hauongezeki upana kwa kiasi cha maana. Hurefuka tu: mita 100 zinakuwa kama mita 667. Tani moja ya ukanda wa milimita 0.3 wenye upana wa milimita 914 ina urefu wa takriban mita 465, kwa hiyo koili ya tani 10 ikikunjuliwa barabarani inapita kilomita 4 na nusu.

Haifanyiki kwa mkupuo mmoja. Katika mashine ya kwenda na kurudi, ukanda huvutwa kutoka koili hadi koili, ukirudi mara kadhaa, kila safari ukipungua. Hapa kuna fumbo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha ufundi wote. Chuma chembamba na kigumu kinahitaji rola nyembamba ili kipungue, maana rola nene hubonyea zenyewe na kuishia kukikumbatia badala ya kukikata unene. Lakini rola nyembamba hupinda. Jibu lake ni kuziegemeza rola nyembamba kwa rola nene juu na chini. Mashine za namna hiyo ndizo mashine za rola nne. Tadeusz Sendzimir, mhandisi wa Poland aliyezaliwa Lwów mwaka 1894, alilisukuma wazo hilo mbali zaidi kwa kuzizungushia rola ndogo jeshi zima la rola za kuegemea, na mashine za jina lake zinaendelea kuminya chuma chembamba hadi leo.

Na hilo jina la "baridi" lisikudanganye. Hakuna tanuru hapo, ila kule kuminywa kwenyewe pamoja na msuguano vinaweza kuupasha ukanda kupita nyuzi 100, ndiyo sababu humwagiwa mchanganyiko wa maji na mafuta muda wote. Unene hupimwa kwa mionzi ukanda ukiwa mbioni. Kisichosameheka ni usawa. Kingo zikirefuka kuliko katikati kwa sehemu moja tu katika elfu, mawimbi yanaonekana kwa macho, na fundi wa paa atalaumiwa kwa kosa lililofanyika kiwandani.

Unene ukishapatikana, kuna kitu kingine kilichozaliwa bila kuombwa: ugumu. Ukipinda waya mara nyingi mahali pamoja, unakuwa mkaidi kabla ya kukatika. Ndivyo ilivyo kwenye rola. Punje za chuma zimenyooshwa na mpangilio wake wa ndani umevurugika kiasi kwamba hazitelezi tena kirahisi. Chuma laini cha kawaida kinaanza kukubali kupinda kwenye megapaskali 220 hadi 300. Kilichotoka kwenye rola bila kulainishwa, aina inayouzwa kama G550, kinavumilia 550.

Hapo njia zinagawanyika, na aamuaye ni tanuru. Ukanda ukipashwa kati ya nyuzi 650 na zaidi kidogo ya 700 ndani ya hewa ya naitrojeni na haidrojeni, punje mpya huzaliwa na chuma kinakuwa laini. Kikishapitishwa tena kwenye rola kwa mguso mdogo, kinakuwa tayari kwa mlango wa gari, ubavu wa friji, pipa la lita 200 au bomba la mraba la dawati la shule. Ndugu zake wa karibu ni chuma cha makopo, chenye unene wa milimita 0.15 hadi 0.3, na kile cha silikoni cha 0.23 hadi 0.35 kinachopangwa ndani ya transfoma. Bati la paa hushika njia nyingine: hupashwa kwa kiasi tu, lisije likapoteza ugumu wake, kisha huzamishwa kwenye zinki.

Unaweza kuona matokeo kwa mkono wako. Chukua kipande cha bati gumu cha upana wa vidole viwili, kipinde taratibu, kiachie: kitaruka kurudi. Sasa kikunje kabisa, ukibonyeze mkunjo kwa nyundo, na utaona nyufa za nywele mgongoni. Ndiyo maana fundi anayetaka kutengeneza gata au kofia yenye mikunjo mikali kutokana na mabaki ya bati la paa hulalamika kwamba bati ni bovu. Si bovu. Limetengenezwa kukaa juu ya paa likiwa na migongo yake mipana, na kwa kazi hiyo 0.3 iliyo ngumu inaweza kuishinda 0.35 iliyo laini. Wembamba peke yake si wizi.

Wizi, ukiwepo, huwa kwenye utando wa zinki. Zinki haishiki vizuri palipobaki oksidi nyembamba juu ya chuma. Miaka ya 1930 Sendzimir alionyesha kwamba ukanda ukipitishwa kwenye haidrojeni ya moto, oksidi huondoka, na zinki yenye joto la nyuzi 460 hivi hushika. Ukanda ukipanda kutoka kwenye zinki, visu vya upepo hupuliza ziada irudi chini. Ongeza upepo kidogo, zinki inapungua, na mteja hataona lolote: bati litang'aa vilevile.

Gramu 275 za zinki kwa mita moja ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, ni mikroni 19 hivi kila upande. Gramu 100 ni mikroni 7. Kwa vipimo vya ISO 9223, mazingira ya kati hula mikroni 0.7 hadi 2.1 za zinki kwa mwaka. Yale makali, kama ufukwe wenye chumvi, hula 4.2 hadi 8.4. Piga hesabu ya mikroni 7 kwa nyumba inayotazama bahari Tanga au Unguja: utando umekwisha ndani ya mwaka mmoja au miwili, hata kama chuma chake kilikuwa geji 28. Mchanganyiko wa asilimia 55 za alumini, zinki na silikoni kidogo, ulioingizwa sokoni na Bethlehem Steel ya Marekani mwaka 1972, hudumu zaidi kwa uzito mdogo. Gramu 150 zake hutoa kama mikroni 20 kila upande.

Kwa hiyo ukienda kununua, iache geji. Omba uandikiwe kwenye risiti mambo matatu: unene wa chuma kwa milimita kabla ya utando na rangi, daraja la ugumu, na gramu za utando kwa mita ya mraba. Kiwanda kilicholitengeneza bati kinazijua namba zote tatu. Muuzaji asiyeweza kukupa hata moja, mwache na bati lake.