Aliyeshika Fimbo

Vijana watano wamesimama kwenye tuta la shamba la mpunga, Tindiga, wilayani Kilosa, wamejipiga picha kwa fimbo ya selfi. Jicho linaanzia kona ya chini kulia: kiganja kimefura, mkono unazidi kuwa mwembamba kuelekea begani, kisha uso wa aliyeshika fimbo, mkubwa kuliko nyuso zote. Lenzi pana haina adabu. Aliye karibu humkuza, aliye nyuma humpunguza hata akiwa kaka mkubwa. Katika studio kama Capital Art, aliyoifungua Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, mpiga picha alisimama nje ya picha na kupanga nani akae, nani asimame. Hapa cheo kakipata mwenye simu.

Fimbo yenyewe ilizaliwa kwa kukosa imani. Hiroshi Ueda, mhandisi wa Minolta, alimwomba mtoto mmoja huko Paris ampige picha na mkewe. Mtoto akatoroka na kamera. Miaka ya 1980 Ueda akabuni fimbo ya kurefuka, na kamera yake ikawekewa kioo kidogo mbele ili mtu ajione. Kioo hicho leo ni skrini, nacho kinaiharibu picha ya Tindiga: wawili wanatazama lenzi, watatu wanajitazama wenyewe, na kicheko cha pamoja kinakosa mahali pa kukutania.

Uzuri wa picha hiyo uko nyuma yao. Tindiga ni bonde, na ukisimama tutani unaona ukanda mwembamba wa ardhi chini ya anga kubwa. Fimbo imeinuliwa juu ya vichwa, lenzi ikainama, na mpunga umepanda karibu hadi ukingo wa juu wa picha. Anga limebaki uzi tu. Kivuli cha fimbo kimekatiza shati la mmoja wao, na sioni kama ni dosari: ndicho kinachotuambia jua liko wapi. Hakuna kati yao aliyeliona bonde hivi kwa macho yake.

Mbinu hiyohiyo inashindwa jirani tu, katika Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu ya Iringa inakatiza mbugani. Fimbo inatolewa juu ya paa la gari, nyuso zinajaa, na tembo aliyekuwa karibu kabisa anageuka doa la kijivu nyuma ya sikio la mtu. Kwa tembo, afadhali simu apewe dereva.