Nimeiona Sur!

Ndiyo kwanza nimeshuka kwenye ndege na moyo bado unanienda mbio. Sur, jamani! Mtu wa pwani yetu akiniuliza likizo ya bahari akaifanyie nchi gani, sitamwacha amalize swali. Aende Oman, na akifika Oman asiishie Muscat. Ashike barabara ya pwani kuelekea kusini-mashariki, kama kilomita 200, milima mikavu ya mawe mkono wa kulia na bahari ya buluu mkono wa kushoto, mpaka aingie katika mji mweupe uliolizunguka hori, wenye majahazi yaliyolala ubavu maji yakikupwa. Hapo ashushe mizigo.

Fukwe nzuri za kigeni nimeziona kabla ya hii. Mchanga upo, miavuli ipo, na jioni hoteli inaleta wachezaji, ngoma inapigwa, wageni wanapiga picha, kila mtu anakwenda kulala. Wenyeji hujawajua. Sur hakuna anayekuandalia tamasha. Utamaduni unaukuta kazini, sokoni, barazani, na uzuri wake kwa sisi ni kwamba nusu yake unaifahamu kabla hujafika! Kofia ya matobo unaijua. Kanzu, ubani, kahawa, halua, mlango wa nakshi, unavijua. Nusu nyingine ni mpya kabisa, na kila saa unagongana na hizo nusu mbili kwa pamoja. Sijapata kuona likizo ya namna hii popote.

Nianze na karakana ya majahazi, maana hapo nilinasa asubuhi nzima. Iko ukingoni mwa hori, wazi tu, unaingia ukitoa salamu. Vyombo vya Sur vinajengwa kwa macho ya fundi. Unawekwa mkuku, zinapandishwa mbao za ubavuni kwanza, na mataruma yanakuja baadaye kufuata umbo ambalo mbao zimekwisha kulichukua. Mchoro hakuna! Nilisogea mpaka nikawa hatua moja kutoka kwa fundi aliyechuchumaa chini ya ubavu wa chombo. Alikuwa anatoboa kwa keke, upinde unakwenda na kurudi, unga wa msaji unamwagika miguuni pake. Tundu lilipokamilika alichukua msumari mrefu, akauzungushia nyuzi zilizolowa mafuta pale shingoni chini ya kichwa, akaupigilia taratibu, pigo kwa pigo, mpaka nyuzi zikamezwa na ubao. Maji hayapiti hapo. Akapitisha kidole gumba juu yake, akahamia tundu la pili. Mafundi wengi niliowakuta walikuwa wametoka India, na msaji nao kwa kawaida hutoka huko huko, ng'ambo ya pili ya bahari hii hii.

Nikamwambia mwenzangu, “Hebu tazama omo yake.” Mzee aliyekaa kivulini na bakora yake akageuka.

“Mmetoka Unguja?”

Kiswahili cha Mji Mkongwe, laini kama nini!

“Shikamoo babu. Hapana, sisi wa Tanga.”

“Marahaba wanangu. Tanga naijua. Nilikuwa napita na marehemu baba, nami mtoto bado. Tende tunashusha, papa mkavu tunashusha, halafu tunateremka Rufiji kupakia boriti. Kusi ukianza tunarudi.”

Akatukalisha. Akatuulizia bandari, akatuulizia bei ya nazi, akatutajia majina ya misimu ya upepo moja baada ya jingine na sisi tunayaitikia. Yote niliyokuwa nimeyasoma shuleni kuhusu kaskazi na kusi yalikuwa yamekaa mbele yangu yakinywa maji baridi. Kaskazi ukiushusha msafara kuanzia Disemba, kusi ukiurudisha kuanzia Aprili, na boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu zikiishia kwenye dari za nyumba za Oman. Ukiingia nyumba ya zamani huku utaona vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Lamu ni hivyo hivyo! Nilisimama chini ya dari moja nikiwa nimeinua kichwa mpaka shingo ikauma.

Upande mchungu nao upo, na sitaupita kimya. Sur ilikuwa pia bandari ya biashara ya watumwa, na majahazi yale yale yaliyobeba tende na boriti yalibeba watu wa kwetu. Natamani habari hiyo isimuliwe mjini kwa sauti ile ile inayosimulia ujasiri wa manahodha. Aliyekwenda likizo huko akiwa Mwafrika Mashariki ana haki ya kuiuliza, nami niliuliza, na nilijibiwa kwa adabu.

Karibu na karakana limewekwa jahazi kubwa la zamani, Fatah al-Khair, lililojengwa Sur, likatanga na bahari miaka na miaka, kisha mwaka 1993 likarudishwa nyumbani kutoka Yemen. Zunguka upande wa tezi uone nakshi! Ukitoka hapo vuka daraja la kuning'inia uende Al Ayjah, kitongoji cha ng'ambo ya hori, nyumba nyeupe, milango ya kuchonga, mnara wa taa mdomoni mwa bandari. Nenda saa kumi na moja jioni, watoto wakicheza mpira mchangani na wazee wametoka barazani. Simama karibu na mnara, tazama mji wote ukigeuka rangi ya dhahabu. Bure kabisa.

Sasa kasa. Nashindwa hata pa kuanzia!

Ras al Jinz iko mwendo wa gari mfupi mashariki ya Sur, na ni hifadhi ya kasa tangu mwaka 1996. Wageni huingia kwa makundi na mwongozaji, usiku au kabla ya alfajiri, na masharti ni makali, nami nayaunga mkono yote: tochi hapana, simu mfukoni, sauti chini. Tulitembea gizani mchangani, kisha mwongozaji akatupungia tusogee, akaelekeza mwanga mdogo nyuma ya shimo. Alikuwa pale! Gamba lake lilikuwa refu kuliko mkono wangu wote, limepakaa mchanga. Mapezi ya nyuma yametulia, na mayai yanadondoka, mawili, matatu, meupe, ya mviringo, yanang'aa ute. Kasa mmoja hutaga kama 100 kwa mkupuo, na baada ya miezi miwili hivi vifaranga hujichimbua vyenyewe. Machozi yalikuwa yakimtoka, mazito, yakichora mstari kwenye mchanga uliomganda usoni. Ndivyo mwili wake unavyotoa chumvi ya bahari. Alipomaliza alianza kufukia. Anachota mchanga kwa mapezi ya mbele na kuurusha nyuma kwa nguvu ambayo hukuitarajia kwa mnyama aliyechoka vile, ukatupiga magotini, ukaingia viatuni, na hakuna aliyerudi nyuma. Nimekulia pwani. Najua kwamba kasa hutaga hata kwetu, kisiwani Juani huko Mafia, na sikuwahi kwenda kuwaona. Nimekwisha kuamua, Juani nakwenda.

Chakula! Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331, na katika safari zake alifika pia Qalhat, mji wa kale ulio kabla tu ya kuingia Sur, akasifu samaki wake kuliko wa mahali pengine. Qalhat leo ni magofu, limebaki kaburi la Bibi Maryam limesimama peke yake juu ya bahari, na tangu mwaka 2018 mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ila samaki hawajabadilika. Nguru wa kuchoma na wali wa viungo, ndimu kavu iliyopikwa humo humo ndani, pilipili ya kuchovya pembeni. Jioni kando ya barabara wanachoma mishkaki na wanaiita karibu vile vile tunavyoiita sisi. Asubuhi unakuta mandazi na chai ya maziwa yenye iliki. Na halua, hiyo usiikose ikiwa bado ya moto: sukari, wanga, samli, zafarani, maji ya waridi na iliki, vinakorogwa kwa saa kadhaa mpaka mkorogaji analowa jasho. Kipande kidogo, kisha kahawa chungu isiyo na sukari. Mwenyeji ataendelea kukujazia kikombe mpaka ukitikise kidogo mkononi, ndipo atajua umetosheka.

Muscat nayo ipe siku zake, sikukatazi. Soko la Matrah lina ubani wa Dhofar wa kila daraja, ule wenye rangi ya kijani kibichi ndio wa kununua. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, una zulia moja la mita 60 kwa 70 ambalo wanawake 600 walilifuma kwa miaka minne. Kiswahili utakisikia dukani, hospitalini, kwenye teksi, kwa sababu familia nyingi zenye asili ya Zanzibar zilihamia huko baada ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Lakini Muscat ni jiji, na mimi nasifia bahari.

Kuhusu bahari yenyewe, kuoga ni raha tupu kati ya Fins na Tiwi: maji maangavu, ufukwe mweupe, watu wachache. Kivuli hakuna, basi beba mwavuli wako. Hapo Tiwi kuna Wadi Shab, na huko ingia asubuhi mapema. Unavushwa kwa mashua ndogo, unatembea karibu saa moja katikati ya kuta za mlima na mitende, halafu unaogelea bwawa kwa bwawa mpaka kwenye ufa mwembamba unaopitisha kichwa tu, na ndani yake pango lenye maporomoko ya maji. Nilipiga kelele kwa furaha na pango likanijibu. Mavazi ya kuogea yawe ya heshima, mabega na mapaja yafunikwe. Kwa mtu aliyelelewa Pangani au Lamu hilo si jambo la kuelezwa.

Mipango yako ipange kwa kufuata majira. Kuanzia Juni mpaka Agosti joto la Muscat na Sur linapita nyuzi 40, na wanaokimbilia mji wa Salalah, kusini mwa nchi, wakati huo wanapata manyunyu na milima ya kijani, lakini bahari ya huko huwa imechafuka, haiogeleki. Novemba mpaka Machi ndiyo raha. Kasa hutaga mwaka mzima, ingawa wengi zaidi huja Juni mpaka Septemba, kwa hiyo mimi ningechagua mwisho wa Oktoba, joto limepungua na kasa bado wapo wa kutosha. Viza angalia masharti ya pasipoti yako kwenye tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Oman kabla hujalipia tiketi. Rial moja ni baisa 1,000 na ni zaidi kidogo ya dola 2.6, kwa hiyo bei ikionekana ndogo zidisha kwanza ndipo ushangilie. Kodi gari, maana bila gari utayapita yote haya kwa dirishani. Kule wanaendesha kulia, barabara ni nzuri ajabu. Ramadhani usile hadharani mchana. Mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na siku hizo Wadi Shab na Ras al Jinz hujaa familia kutoka Muscat, basi wewe fika Sur Jumapili, na nafasi ya kuona kasa ishike mapema, hata kabla ya hoteli!