Tabia za Usonji katika Wahusika wa Televisheni

Mhusika wa kubuni hapimwi na tabibu. Hupimwa kwa atendayo na asemayo. Kwa kipimo hicho yafaa kuwatenganisha wahusika watatu wa televisheni ya Marekani.

Sheldon Cooper wa The Big Bang Theory (2007–2019) hung'ang'ania nafasi yake ileile kochini na aghalabu hafahamu kejeli. Lakini hali yake haikutajwa, na mtazamaji akaachwa amcheke. Shaun Murphy wa The Good Doctor (2017–2024) alitajwa wazi kuwa na usonji, ila heshima yake yatokana na kipaji cha ajabu katika uganga. Kikaragosi Julia wa Sesame Street, aliyeingia katika televisheni mwaka 2017, hana muujiza wowote: huchelewa kujibu, hutaabishwa na kelele, na hucheza na wenzake.

Huyo wa tatu ndiye aliye karibu na kweli. Mathalan, mtoto wa Mwigobero, Musoma, azibaye masikio mashine za boti zingurumapo mwaloni, akilinganishwa na Shaun ataonekana amepungukiwa. Na lugha ina maneno tayari ya kumtweza: zuzu, punguani. Akilinganishwa na Julia, ataonekana mtoto miongoni mwa watoto. Hapana budi neno usonji litumike kwa maana hiyo.