Reli ya Bububu Juu ya Meza

Reli ya mwanzo Afrika Mashariki haikutandikwa Mombasa wala Tanga. Ilitandikwa Unguja. Mwaka 1879 Sultani Sayyid Barghash bin Said alijengewa njia ya chuma kutoka mjini hadi kwenye kasri lake la Chukwani, kusini kidogo ya hapa Mbweni. Mwanzoni mabehewa yake yalivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 akaagiza kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ile ya Mombasa mwaka 1896. Barghash alifariki mwaka 1888, na reli yake haikuishi baada yake: njia iling'olewa na kichwa kikawa chuma chakavu.

Mwaka 1905 ikaja ya pili. Kampuni ya Arnold Cheney ya New York ilitandika reli ya maili 7, karibu kilomita 11, kutoka nje ya Ngome Kongwe hadi Bububu. Treni hiyo ilipita katikati ya nyumba za mji, katika njia nyembamba ambazo leo vespa mbili zikikutana lazima moja isubiri. Serikali iliinunua mwaka 1911. Katika miaka ya 1920 magari ya barabarani yakaichukulia abiria wake, ikabaki kubeba mawe ya kujengea bandari, na mwisho nayo ikang'olewa. Siku hizi kijana wa Unguja anayetaka kupanda treni huvuka bahari kwa boti hadi Dar es Salaam, akapanda ile ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Ukimwambia kuwa treni ilikuwa ikipita chini ya madirisha ya Mji Mkongwe, hudhani unamtania.

Ufundi ninaotaka kuusifu hapa ni ule unaoweza kuirudisha treni ile mbele ya macho ya kijana huyo: ufundi wa kujenga reli ndogo ya mfano. Si kununua treni ya plastiki ikazunguka duara sakafuni. Ni kujenga nchi nzima juu ya meza, yenye ardhi, miti, nyumba na watu, kwa kipimo kimoja kisichovunjwa, kisha kutandika reli ndani yake na kuendesha treni inayokwenda kweli. Mimi na wenzangu wachache tunaijenga reli ya Bububu hapa Mbweni, kila mmoja na ubao wake. Kwa maoni yangu, hakuna kazi ya mikono inayomfundisha mtu kuijua nchi yake na kuishi na wenziwe kwa pamoja kama hii.

Nianze na kujua. Kipimo kinachotumika sana duniani ni cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho mtu mzima ana karibu sentimita 2 tu, na njia ya mtaa yenye upana wa mita 3 inakuwa na milimita 34 au 35. Reli ya Bububu ilikuwa na upana wa futi 3, yaani milimita 914. Ukiigawa kwa 87 unabaki na milimita 10 na nusu tu. Lakini igawe ile safari ya kilomita 11, utapata mita 126. Hakuna sebule ya kuitosha, wala ukumbi wa skuli. Kwa hiyo mjenzi analazimika kuchagua: nini kibaki na nini kiachwe, ili atakayeitazama aseme hii ni njia ya Bububu na si ya mahali pengine. Kuchagua huko ndiko kunakokupeleka Kilimani kwenye Nyaraka za Taifa, kunakokukalisha na postikadi za zamani, na kunakokufanya usimame mbele ya ukuta wa Ngome Kongwe na kuutazama kwa makini ambayo hukuwa nayo miaka yote uliyopita hapo ukienda sokoni.

Kisha kuna kuchagua mwaka. Sisi tumechagua 1910, na mwaka ukishachaguliwa unatawala kila kitu. Bustani ya Forodhani, ambayo kila mtu anaijua kwa mishikaki na urojo, haina nafasi mezani, kwa sababu ilitengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub. Mwaka 1910 pale palikuwa na mabanda ya forodha. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya jengo la Beit al Ajaib hauwekwi, kwa kuwa uliharibiwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Mnara wa saa wa jengo lenyewe unawekwa, maana ulijengwa mwaka uliofuata. Watu hujifunza tarehe hizi darasani wakazisahau baada ya mtihani. Aliyejenga forodha ile kwa mikono yake, bati kwa bati, hatazisahau.

Tazama sasa kazi yenyewe kwa karibu. Kokoto za njia tunazipata hapa hapa: vipande vya jiwe la matumbawe vilivyopondwa, vikachekechwa kwa chujio la chai, vikaoshwa kwa maji baridi ili chumvi itoke. Mataruma ni njiti za kiberiti zilizokatwa urefu mmoja na kutiwa rangi ya mti mkongwe. Kokoto zikishapangwa kwa brashi laini katikati ya mataruma, unachanganya gundi nyeupe na maji, unatia tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha unadondosha kwa bomba la sindano, tone baada ya tone. Sabuni hiyo ndiyo siri. Bila yake tone husimama juu ya vumbi, likajiviringisha na kubeba kokoto. Ikiwepo, tone linazama palepale bila kutikisa kitu. Asubuhi ya pili unapitisha kidole na njia imeshika kama iliyojengwa na gengi la wafanyakazi mia.

Nyumba nazo zina elimu yake. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazizidi sana mita 3, na anayejenga kwa kipimo hawezi kudanganya hapo: akipanua chumba, boriti hazifiki. Mwenzetu mmoja ni seremala wa milango ya kuchonga, na milango ya ubao wake anaichonga kwa wembe na sindano, hata mfaa, ule mti wa katikati. Kijana wetu anayesomea umeme alimwuliza, "Fundi, mlango wenyewe sentimita 3, huo mfaa nani atauona?" Akamjibu bila kuinua macho, "Mwanangu, mlango usio na mfaa si mlango wa Unguja. Ataeuona atauona." Kijana yule hakubisha tena. Tangu siku hiyo hata nyaya zake za chini ya meza, ambazo hakuna mgeni anayezitazama, amezipanga kwa mistari na kuzifunga kwa uzi.

Hali ya hewa ya kisiwa inadai heshima. Plaiwudi hunywa unyevu wa masika ikavimba na kupinda, kwa hiyo ubao hupakwa vanishi pande zote mbili na kwenye kingo kabla ya kuwekwa chochote. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na reli za chuma hushika kutu upesi. Ndiyo maana tunatumia reli za mchanganyiko wa shaba na nikeli, tukizifuta kwa spiriti kabla ya kila mchezo. Treni inaendeshwa na umeme wa volti 12 unaopita ndani ya reli zenyewe, moja chanya na nyengine hasi, hivyo umeme wa mjini ukikatika batari ya gari inatosha kuendesha safari nzima kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu.

Sasa nifike kwenye sifa iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni ushirika. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuijenga reli hii vizuri. Seremala hajui saketi, kijana wa umeme hajui mikarafuu inavyopandwa, na mwalimu wetu wa skuli, ambaye minazi yake ya waya na makumbi haina mfano, hagusi chuma cha kulehemia. Kwa hiyo kazi imegawanywa. Mmoja ana stesheni ya Ngome Kongwe, mwengine ana njia ya mjini, mwengine mashamba ya upande wa Mtoni, mwengine Bububu. Ndani ya ubao wake, mradi ashike kipimo na mwaka, kila mtu ni huru. Ajenge mlima au bonde, apande miembe au minazi, hakuna wa kumwamuru.

Uhuru huo unakoma kwenye ukingo. Hapo kuna sheria, na sheria haina mzee wala kijana. Kimo cha reli kutoka sakafuni ni kimoja kwa wote. Reli itoke katikati ya ukingo, kwa pembe mraba, na sentimita 10 za mwisho ziwe zimenyooka na ziko sawasawa. Waya mwekundu kwa reli ya kulia, mweusi kwa ya kushoto. Tunakaza skrubu mbili za shaba kwenye ukingo wa ubao, tunazipunguza kwa tupa mpaka vichwa vyake vilingane na mataruma, kisha tunalehemu reli juu ya vichwa hivyo ili isisogee hata ubao ukibebwa kwenye gari. Mdomo wa gurudumu la behewa dogo hivi ni wa milimita moja au chini yake. Reli mbili zikipishana nusu milimita, behewa linaanguka, na kila aliye chumbani anajua ni maungio ya nani.

Hapo ndipo ninapouona uzuri wa kazi hii. Watu wengi hudhani ushirika ni kufanana: wote waseme mamoja, wapende mamoja. Reli ndogo inaonyesha kuwa watu wanaweza kutofautiana katika karibu kila kitu na bado treni ikapita kwao wote, mradi wamekubaliana barabara kwenye maungio. Makubaliano hayo yawe machache, yawe wazi, na yashikwe bila upendeleo. Nimeona vikao vingi vya watu wazima vikivunjika kwa kutaka kumwamulia mtu rangi ya paa lake, huku maungio yakiachwa bila kipimo.

Wenzetu wa mbali wamelijua hilo zamani. Ulaya kuna umoja wa wajenzi uitwao FREMO, ulioanza mwaka 1981, ambao wanachama wake hutoka nchi mbalimbali na vipande vyao, wakaviunga ukumbini vikawa reli moja ndefu. Hamburg, Ujerumani, iko Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo watu husafiri kutoka duniani kote kwenda kuitazama. Katika chuo cha MIT, Marekani, klabu ya reli ya mfano iliundwa mwaka 1946, na vijana waliokuwa wakipanga swichi na nyaya chini ya meza ile ndio baadaye waliozigeukia kompyuta. Miongoni mwao wametoka waliotengeneza Spacewar mwaka 1962, mmoja wa michezo ya mwanzo kabisa ya kompyuta. Anayesema huu ni mchezo wa watoto na aifikirie meza ile.

Na anayesema ni mambo ya kigeni ayakumbuke ya kwetu. Mtoto wa pwani anayechonga kijingalawa, akakitia tanga la mfuko na kukishindanisha na vya wenziwe wakati maji yanajaa, tayari ni mjenzi wa mfano: anajua mrengu ukiwa mfupi chombo kinapinduka. Kijana anayesuka gari kwa waya na visoda anajua ekseli ni nini kabla hajafundishwa. Mikono ipo. Kinachokosekana ni meza ya kuikutanisha.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Jengo lililosimama tangu 1883 lilitufundisha siku ile kuwa mawe na chokaa havitusubiri. Mfano mdogo hauchukui nafasi ya jengo, na matengenezo ya kweli ndiyo wajibu wa kwanza. Lakini aliyelipima jengo, akalichora na kulijenga upya kwa mikono yake amelitia kichwani mwake, naye ndiye atakayekuwa wa mwanzo kupiga kelele akiliona linapasuka.

Mbweni ni mahali pa kuanzia. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iko hapa hapa, na vijana wake wanajua kulehemu, kupima na kuchora. Walimu wa skuli wawape wanafunzi ubao mmoja kwa darasa, wajenge mtaa wao wenyewe kwa kipimo. Makumbusho ya Beit el Amani, Mnazi Mmoja, yatoe kona moja ya kuionyesha reli ya Bububu ikitembea, ili mgeni na mwenyeji wajue kuwa kisiwa hiki kilikuwa na treni. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna picha ya zamani ya njia ile, usiiache iliwe na mchwa. Ipeleke Nyaraka ikanakiliwe. Kama una mikono na jioni iliyo tupu, tafuta ubao. Ndani yake jenga upendavyo. Vipimo vya ukingo tutakupa.