Pembetatu Ndani ya Duara: Hesabu ya Tabaga za Kibera

Katika nyumba za Wanubi wa Makina, Kibera, chakula cha wageni hufunikwa kwa tabaga: kawa la duara lenye rangi kali, nyekundu na zambarau, kijani na njano. Wazee wao walikuwa askari kutoka Sudan waliopewa makazi hapo na Waingereza kuanzia mwaka 1904, na huko Sudan makawa ya jinsi hii yanasukwa hadi leo. Watu husifu rangi zake. Mimi nasifu hesabu.

Ili kuiona hesabu hiyo, tulinganishe kwanza na mazulia ya Uturuki. Mazulia ya karne ya 13 yaliyokutwa mwaka 1905 katika Msikiti wa Alaeddin, Konya, yamejaa pembenane na kulabu zenye kingo za ngazi. Kila fundo hufungwa kwenye jozi ya nyuzi za mtande, hivyo mapambo hujengwa kwa vijimraba, na mshazari hauna budi kupanda kwa vidato. Hata mswala wa dukani Kawangware, ukilisogelea tao lake la mihrabu, utaviona.

Tabaga haina mtande. Msusi huanzia kitovuni na kitita chembamba cha nyasi, akakizungusha na kukishona kwenye mzunguko wa ndani kwa chane zilizotiwa rangi. Kitita kikiwa na unene wa nusu sentimita, kila mzunguko huongeza mzingo kwa sentimita tatu hivi, uwe karibu na kitovu au ukingoni. Akitaka ncha 12, yaani pembetatu 12, kila moja inapata robo sentimita tu: takriban mshono mmoja. Akiongeza huo mmoja kila mara, pembetatu inapanuka sawasawa. Akizidisha, inakula uwanja wa jirani. Akiisogeza rangi mshono mmoja upande uleule kila mzunguko, pambo zima linapinda na kuonekana kama linazunguka.

Kuna ugumu mwingine: kitita hakijifungi kama pete. Mzunguko ukiisha, tayari umepanda juu ya mwanzo wake, kwa hiyo mstari wa rangi moja lazima uwe na kidato mahali fulani. Pa kukifichia ni penye mpaka wa rangi mbili, na hapo ndipo ustadi hupimwa.

Ukienda kununua tabaga, kitafute hicho kidato, kisha hesabu mishono kati ya ncha na ncha. Ikilingana, mlipe msusi bei aliyoitaja.